Kifungo cha Kapsabet na wanaume wanaokatiza dawa za TB

Agosti 2010, hakimu mjini Kapsabet, Nandi, aliamuru wanaume wawili wakae gerezani miezi minane, au kwa muda wowote utakaoridhisha kwa matibabu yao. Hawakuwa wameiba wala kumpiga mtu. Walikuwa wagonjwa wa kifua kikuu walioanza dawa na kuzikatiza njiani. Aliyewafikisha kortini ni afisa wa afya mwenye jukumu la kufuatilia wagonjwa wa TB wilayani, na sheria aliyoitegemea ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, kifungu cha 27. Kifungu hicho kinaruhusu mtu anayeweza kueneza ugonjwa wa kuambukiza atengwe mpaka daktari aridhike kwamba hana hatari tena kwa wenzake.

Walipokuwa ndani, tarehe 27 ya mwezi huohuo, Kenya ilizindua Katiba mpya inayolinda utu wa mtu, uhuru wake na haki yake ya kupata huduma za afya za kiwango cha juu. Wao walikuwa Gereza la Kapsabet, kwenye seli zilizosongamana, pamoja na watu wasio na TB. Hapo ndipo uamuzi ule unapojipinga wenyewe hata kabla ya kufika kwenye haki za binadamu. TB ya mapafu husafiri kwa hewa, na chumba kilichojaa, chenye madirisha madogo na watu wanaolala bega kwa bega, ndicho inachokipenda zaidi. Duniani kwa jumla, aliye gerezani ana uwezekano wa takriban mara kumi zaidi wa kuugua TB kuliko aliye uraiani. Hatua iliyochukuliwa kuikinga jamii iliwaweka wafungwa wenzao hatarini, na wafungwa hao nao siku moja hurudi kwao.

Baada ya siku 46, Mahakama Kuu ya Eldoret iliwatoa na kuagiza waendelee na dawa wakiwa nyumbani. Shirika la KELIN, linalotetea haki za afya kisheria, lilisimama nao, shauri likachukua miaka, na tarehe 24 Machi 2016, ambayo ni Siku ya TB Duniani, Jaji Mumbi Ngugi alitoa hukumu: kumfunga mtu gerezani kwa jina la kumtibu TB kulikiuka Katiba. Kifungu cha 27 hakikufutwa. Serikali bado inaweza kumtenga mgonjwa anayehatarisha wengine, ila mahali pa kumtenga hapawezi kuwa jela. Waziri wa Afya alipewa siku 90 kuandaa sera inayoendana na Katiba, na sera ya kuwatenga wagonjwa wa TB ikatoka mwaka 2018.

Kesi hii husimuliwa sana na mawakili, na wana haki ya kujivunia. Mimi naona imebeba jambo jingine ambalo mahakama haikuombwa kuliamua. Waliofungwa walikuwa wanaume, na hilo halikutokea kwa bahati tu. Ukiichukua kesi hii na kuirudisha nyuma hatua kwa hatua, kutoka mlango wa gereza hadi siku mgonjwa alipokohoa mara ya kwanza, unaona mahali pengi ambapo mfumo wa afya ungeweza kumshika mwanaume mkono, na kote huko haukuwepo. Ulijitokeza mwishoni tu, ukiwa na polisi.

Ugonjwa uko kwa wanaume, huduma imekaa kwingine

Kati ya 2015 na 2016 Kenya ilifanya utafiti wa kitaifa wa kuhesabu TB nyumba kwa nyumba, kwa watu wa miaka 15 na kuendelea. Walipatikana wagonjwa 558 kwa kila watu 100,000. Kwa wanaume idadi ilikuwa 809, kwa wanawake 359. Na kundi lililolemewa zaidi halikuwa la wazee kama wengi walivyodhani, ni vijana wa miaka 25 hadi 34, watu walio katikati ya kutafuta riziki. Asilimia 83 ya waliokutwa na TB hawakuwa na virusi vya Ukimwi, jambo linalopaswa kuvunja ile dhana kwamba kila mwenye TB ana Ukimwi, dhana ambayo imewafanya wanaume wengi waogope kuonekana kwenye benchi la kliniki ya kifua.

Kenya haiko peke yake. Wachambuzi waliokusanya tafiti 56 za aina hii kutoka nchi 28 za kipato cha chini na cha kati walikuta TB kwa wanaume ni zaidi ya mara mbili ya ilivyo kwa wanawake, na kwamba wanaume ndio wanaobaki zaidi bila kugunduliwa. Mwaka 2023, Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu milioni 10.8 waliugua TB. Asilimia 55 walikuwa wanaume, 33 wanawake, na waliobaki watoto.

Sasa angalia kituo cha afya cha kawaida. Asubuhi ni kliniki ya wajawazito, chanjo na watoto. Mama anayezaa watoto watatu amepita mlango ule mara nyingi sana. Anamjua muuguzi kwa jina na anajua foleni inaanzia wapi. Mwanaume wa miaka 30 anaweza kuwa hajaingia pale tangu alipochanjwa akiwa mtoto. Hii ni kazi njema iliyofanywa kwa miongo mingi kwa ajili ya akina mama, na hakuna anayetaka ipungue hata kidogo. Lakini hakuna aliyekaa kufikiria mlango wa mwanaume ungekuwa wapi.

Kurudi nyuma kutoka mlango wa gereza

Tuanze na afisa wa afya. Ni rahisi kumfanya mkatili. Mimi siwezi. Mgonjwa wa TB ya mapafu asiyetibiwa anaambukiza wanaoishi naye, na anayekatiza dawa katikati anaweza kuzalisha usugu ambao matibabu yake ni marefu na mazito zaidi. Afisa anawajibika kwa wilaya nzima, mara nyingi bila usafiri wa uhakika. Ameshatuma ujumbe, ameshaonya, na kwenye droo yake kifaa kilichobaki ni sheria. Swali linalofaa kuulizwa ni kwa nini hicho ndicho kifaa pekee alichopewa.

Rudi hatua moja. Kabla ya kwenda kortini kuna siku ambayo mgonjwa hakufika kuchukua dawa. Kwenye daftari la TB siku hiyo inaonekana: nafasi yake iko wazi. Wiki ya kwanza ya nafasi wazi ndiyo wiki ya thamani kuliko zote, kwa sababu mgonjwa bado anajihesabu kuwa yuko kwenye matibabu, amechelewa tu. Ikifika wiki ya nne ana aibu. Ikifika mwezi wa pili anapita njia nyingine asikutane na muuguzi. Mwanaume hasa, kwa sababu amelelewa kujikaza kisabuni, akishajiona ameshindwa jambo hurudi kwa shida sana pale aliposhindwa, na shida inazidi akijua atakaporudi atagombezwa mbele ya watu.

Na alikatiza kwa nini? Sababu zinajulikana kwa yeyote aliyefanya kazi na wagonjwa hawa, na iliyo kubwa kuliko zote ni kupata nafuu. Dawa za TB zikifanya kazi, baada ya wiki chache homa inaisha, jasho la usiku linakauka, hamu ya kula inarudi. Mwili unamwambia amepona. Kliniki inamwambia bado ana miezi. Vijidudu vilivyobaki ni vichache na hukua polepole, ndiyo maana matibabu ya kawaida huchukua miezi sita: minne ya dawa mbili baada ya miwili ya dawa nne. Lakini maelezo hayo hutolewa siku ya kwanza, mtu akiwa na homa na hofu, na hayarudiwi siku anapokuja akitembea kifua mbele. Siku hiyo ya nafuu ndiyo anayohitaji kukalishwa chini upya.

Nafuu hiyo inakutana na kazi. Mwanaume wa kibarua hulipwa siku aliyofanya kazi. Kwenye mjengo, majina huandikwa alfajiri. Anayefika saa nne, baada ya kutoka kliniki, anakuta nafasi yake imechukuliwa na mwingine, na pengine kesho pia. Dawa ni bure, na serikali inastahili sifa kwa hilo, ila siku ya kuzifuata si bure. Utafiti wa gharama za wagonjwa uliofanyika Kenya mwaka 2017 ulionyesha kuwa asilimia 26.5 ya kaya zenye mgonjwa wa TB zilipoteza zaidi ya moja ya tano ya kipato chao cha mwaka kwa sababu ya ugonjwa huo. Kwa wenye TB sugu ilikuwa zaidi ya kaya nane kati ya kumi. Mtu anayeishi mkono kwenda kinywani anapoambiwa aje kila wiki kwa miezi miwili ya mwanzo, anaambiwa pia, bila yeyote kutamka, ni siku gani nyumbani kwake hapatakuwa na kitu.

Pombe nayo inahitaji kusemwa wazi. Dawa za TB huchosha ini, na pombe huliongezea mzigo, kwa hiyo mgonjwa huambiwa asiguse kabisa. Ushauri ni sahihi. Tatizo ni jinsi anavyousikia mtu ambaye hunywa kila jioni: anaelewa kwamba siku aliyokunywa asimeze dawa. Anaruka Jumamosi, kisha Jumapili, kisha anaacha. Anakaa kimya kwa sababu anajua akisema atasutwa. Kliniki inayomwambia "ukinywa, bado kesho njoo umeze dawa yako, na utuambie" inabaki naye, na inapata nafasi ya kumpunguzia pombe, kumpima ini na kumfundisha dalili za hatari: macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi, kutapika kusikoisha. Inayomfukuza haipati hata moja ya hayo.

Wengine huachishwa na maudhi ya dawa zenyewe. Ganzi na kuwaka moto miguuni, kunakoletwa na isoniazidi, kunazuilika kwa vitamini B6. Mkojo wa rangi ya machungwa ni wa rifampisini na hauna madhara. Mtu ambaye hakuambiwa hilo akiona mkojo wake ataamini damu inamtoka, na ataacha dawa usiku huohuo. Dakika mbili za maelezo zingemwokoa.

Rudi nyuma zaidi, kabla ya dawa. Utafiti wa 2016 ulikuta takriban thuluthi mbili ya watu waliokuwa na dalili za kifua hawakuwa wametafuta huduma popote, wengi wakisema hawakuziona kuwa jambo zito. Kikohozi cha mwanaume kina maelezo tayari: sigara, vumbi la mjengo, baridi ya alfajiri kwenye bodaboda. Akizidiwa, anaingia kemisti, ananunua dawa ya kikohozi, anaongeza vidonge vya viuavijasumu, anapata nafuu kidogo, anarudi kazini. Anaweza kuzunguka hivyo kwa miezi. Kumbe kemisti yule ndiye mhudumu wa afya pekee anayemwona, na hajapewa hata karatasi ya kumwandikia aende kupima makohozi.

Kwa hiyo alipofika kliniki alichelewa, alipata nafuu ambayo hakuna aliyemweleza, akarudi kazini, akakosa siku, akaona aibu, akapotea. Gereza ni kituo cha mwisho kwenye njia hiyo. Hukumu ya 2016 ilikifunga kituo hicho, na ilikuwa lazima kifungwe. Njia yenyewe ilibaki vilevile.

Simu badala ya pingu

Kilichofanyika Nairobi miaka michache baada ya tukio la Kapsabet kinaonyesha kwamba kulikuwa na namna nyingine. Wagonjwa wa TB katika kliniki kadhaa waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja liliendelea na huduma ya kawaida. Jingine liliunganishwa na mfumo wa simu uitwao Keheala, unaofanya kazi kwenye simu ya kawaida isiyo na intaneti: kila siku mgonjwa anakumbushwa na kuthibitisha mwenyewe kwamba amemeza dawa. Asipothibitisha anatumiwa ujumbe tena, na akiendelea kunyamaza anapigiwa simu na mtu wa kumsaidia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019. Katika kundi la kawaida, asilimia 13.1 hawakufikia matokeo mema, yaani walikufa, walipotea au matibabu yalishindwa. Katika kundi la simu walikuwa asilimia 4.2.

Hakuna aliyekamatwa. Naliona hili kuwa jibu bora zaidi kwa kisa cha Kapsabet kuliko hukumu yoyote, kwa sababu linagusa ile wiki ya kwanza ya nafasi wazi kwenye daftari. Mtu anaulizwa siku hiyohiyo, kwa sauti ya kawaida, kabla aibu haijaota mizizi. Na linamfaa mwanaume kwa namna ya pekee: halimtaki aache kazi, halimweki kwenye benchi analoogopa kuonekana, na linamwachia mwenyewe kutamka kwamba amemeza. Anayejiona msimamizi wa mambo yake hubaki kwenye mambo yake. Simu haitoshi peke yake, hasa kwa asiye na chakula au asiye na simu. Hata hivyo inafika mahali ambapo daftari la karatasi halifiki.

Upande wa kugundua wagonjwa, kuna funzo kutoka mkoa wa Ca Mau, Vietnam. Huko wahudumu walipita kwa kila mtu mzima nyumba kwa nyumba, mara moja kwa mwaka kwa miaka mitatu, wakipima makohozi bila kungoja mtu aseme anaumwa. Mwaka wa nne, maeneo yaliyopitiwa yalikuwa na wagonjwa 126 kwa kila 100,000, dhidi ya 226 kwenye maeneo ambayo hayakupitiwa. Kutomsubiri mgonjwa aje kunapunguza ugonjwa wenyewe.

Kenya ina nguvu ya kufanya kitu kama hicho. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wenye mikoba na simu, wanaopita nyumbani kwa watu. Wasiwasi wangu ni saa wanazopita. Mhamasishaji akigonga saa tano asubuhi siku ya kazi atamkuta mama, bibi na watoto. Baba yuko kituo cha boda, gereji, kwenye machimbo ya mawe, au amelala kwa sababu alikuwa zamu ya usiku. Ripoti itasema nyumba imefikiwa, na aliye na uwezekano mara mbili wa kuwa na TB hakuulizwa chochote. Programu ikimtaka yeye, lazima kazi ihamie jioni na Jumapili, na iende stendi, sokoni kwenye wabeba mizigo, kwenye malipo ya vibarua siku ya Jumamosi. Vifaa vipo. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani limekubali picha za eksirei za kifua zisomwe na kompyuta kwa watu wazima, na mashine nyingine hubebeka begani. Kipimo cha GeneXpert hutoa jibu la makohozi kwa muda usiofika saa mbili. Mtu anaweza kupigwa picha kwenye foleni ya malipo na kupata jibu la makohozi kwa simu kabla hajalala.

Utengaji wa lazima bado una nafasi yake, ndogo sana. Miongozo ya kimataifa inauruhusu kama hatua ya mwisho kabisa, kwa muda mfupi, kwenye mazingira ya tiba, pale tu njia zote nyingine zimeshindikana, na kamwe usiwe adhabu. Maneno ya uzito hapo ni "njia zote nyingine". Yanamtaka afisa aonyeshe alichojaribu kabla ya kuomba amri: alipiga simu lini, alibadilisha saa ya kliniki, alimpa dawa za wiki nyingi kwa mara moja, alimtafutia msimamizi anayemwamini? Mwanaume anayeishi peke yake kwenye chumba cha kupanga hana mke wala mama wa kumkumbusha, na kumwandikia "msimamizi: hakuna" kwenye kadi ni kumwacha mkono mapema.

Kama ningekaa na timu ya TB ya kaunti yoyote leo, ningeomba kwanza daftari lao, na ningeomba kila safu igawanywe kwa jinsia: walioulizwa kuhusu kikohozi, waliopimwa, walioanza dawa, waliomaliza. Mahali ambapo wanaume wanapungua ghafla ndipo pa kuanzia, na kaunti moja itakuta ni kabla ya kupima wakati nyingine itakuta ni mwezi wa tatu wa dawa. Kisha ningeomba kliniki moja ya jioni kwa wiki, karibu na stendi, na mtu mmoja aliyewahi kupona TB alipwe kupiga simu kila siku kwa waliokosa dozi jana. Baada ya miezi sita safu zile zihesabiwe tena, na hesabu hiyo ndiyo iamue kama jioni ya pili iongezwe au kama tatizo liko kwingine.